UZI: Sala, huduma na jumuiya kwenye sekondari ya bweni ya Kikatoliki – tupeane utaratibu unaofanya kazi

MleziMgeni

Tumsifu Yesu Kristo, wadau.

Shule ni ya jimbo, bweni, wavulana kwa wasichana, kidato cha kwanza hadi cha sita. Wanafunzi 420: Wakatoliki 260 hivi, Waislamu kama 50, waliobaki ni Walutheri, Wamoraviani na Wapentekoste. Mkuu wa shule ni padre. Paroko msaidizi anakuja Dominika na Alhamisi. Kuanzia Januari 2027 ulezi wa TYCS (chama cha wanafunzi vijana Wakatoliki Tanzania) na ratiba yote ya kiroho viko mezani kwangu.

Kilichopo sasa: Misa lazima, rozari lazima, viranja mlangoni na daftari, asiyeonekana anafyeka nyasi. Kanisa linajaa. Ila padre akisema "Bwana awe nanyi", wanaojibu ni safu tatu za mbele. Nyuma watu wamelalia mabenchi.

Naombeni vya kushika mkononi: saa, idadi, nani afanye nini, na wapi huwa panaharibika. Mahubiri nitayapata Dominika.

Katekista wa Zamani

Milele amina. Kabla ya ratiba, fanya sensa. Kidato cha kwanza wakishapokelewa, pitisha karatasi yenye safu hizi: parokia na jimbo alikotoka, ubatizo (mwaka na namba ya kitabu), Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, na anachoomba sasa. Usiridhike na neno la mdomo. Mtoto wa miaka 13 atakuambia "nilishapata" kumbe alipakwa majivu tu. Asiye na cheti, piga simu parokiani kwao.

Wanaotafuta ubatizo usiwaweke darasa moja na waliobatizwa wanaosubiri Komunyo au Kipaimara. Aliyepita umri wa miaka 7 anahesabiwa ana akili timamu, na kwa sheria ya Kanisa anapitia njia ya watu wazima, yaani ukatekumeni. Hamwagiwi maji haraka haraka ili awahi likizo. Kama wazazi ni wa dini au dhehebu lingine, pata barua yao yenye saini kabla hujaandika jina lake popote. Hapa ndipo wazazi wanapokuja getini wamefura.

Halafu wasimamizi. Kanuni 874 ya Sheria ya Kanisa iko wazi: awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki, amepokea Kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa anayebatizwa. Wanafunzi huchaguana kitanda kwa kitanda, wa kidato cha pili anamsimamia wa kidato cha kwanza, wote wana miaka 14. Siku yenyewe paroko anauliza umri, foleni inasimama, mnaanza kukamata walimu waliokaa nyuma. Watafute Februari: walimu, wafanyakazi, na wa kidato cha tano na sita waliotimiza masharti.

La mwisho hapa: anayebatizwa shuleni anaandikwa kwenye kitabu cha parokia yenye eneo hilo. Daftari la shule si kitabu cha ubatizo. Miaka 12 baadaye akitaka kufunga ndoa, paroko wake ataandika barua kuulizia, na mlezi wa wakati ule ameshahama, daftari limeliwa na mchwa.

Sakristia Nyuma

Hao wanaolala nyuma, hesabu kwanza saa zao. Kengele saa 10:30 alfajiri, usafi, Misa saa 1:00, chai saa 4:00. Hiyo ni njaa, wala si imani haba. Funga ya Ekaristi ni saa moja kabla ya kukomunika, siyo tangu usiku wa manane, na maji na dawa haviivunji. Uji ukitoka saa 12:15 na Misa ikaanza saa 1:15, Komunyo inaangukia kwenye saa 2:00. Kila mtu amefunga saa yake na zaidi. Jikoni wataguna kwa kuwasha moto mapema siku ya Dominika, kwa hiyo mwendee mpishi mkuu wewe mwenyewe. Usitume kiranja.

Ya altareni sasa. Hostia ni za ngano tupu na divai ni ya zabibu, ya asili, isiyoharibika (kanuni 924). Kopo la hostia lifunge vizuri, maana masika zinanyonya unyevu, zinajipinda na kushikana. Chupa ya divai iliyofunguliwa ikikaa miezi kwenye kabati la joto inageuka siki, na kwa siki hakuna Misa. Onja kabla padre hajafika.

Idadi ya hostia usikisie. Wakatoliki 260 haina maana wanaokomunika ni 260. Watumishi wawili wahesabu wanaokomunika Dominika nne mfululizo, waandike. Baada ya hapo unajua wastani wako na unaongeza kidogo tu.

Kuhusu tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi: kikanisa cha shule kinahitaji ruhusa ya Askofu ili kutunza Ekaristi, kiwe na mtu anayewajibika, na Misa iwepo walau mara mbili kwa mwezi kadiri inavyowezekana (kanuni 934). Taa iwake daima. Ufunguo usining'inizwe kwenye msumari pembeni ya tabernakulo yenyewe. Nadhani wengi mmeshauona huo msumari.

Masomo ya Misa huenda kwa mizunguko: Januari 2027 mtakuwa Mwaka B kwa Dominika na Mwaka wa I kwa siku za juma. Msomaji apewe somo lake Alhamisi, alisome kwa sauti palepale mimbarini, kwenye kitabu chenyewe, mwenzake akiwa amekaa safu ya mwisho. Asiposikika huko, arudie. Kinachoharibu zaidi ni kumkamata mtu dakika tano kabla, anafika kwenye "Nebukadreza" anakanyagia breki kanisa zima likicheka.

Mzee wa Paredi

Mnaongea vizuri lakini nipingane kidogo. Shule ya Kanisa ni shule ya Kanisa. Mzazi alisaini fomu ya kujiunga na imeandikwa wazi kuwa ibada ni sehemu ya ratiba. Ondoa daftari mlangoni uone: wiki ya tatu nusu yao wako bwenini wanafua soksi.

MwalimuWaZamu

Mkuu, tofautisha kujua mtoto yuko wapi na kumlazimisha aabudu. La kwanza ni usalama, na bwenini halina mjadala. Kwa hiyo daftari libaki, ila lihamie kwa mwalimu wa zamu, na majina yaitwe bwaloni baada ya uji. Kiranja anayeandika majina mlangoni mwa kanisa hasali, na anayeingia anamwona yeye kabla ya kuuona msalaba.

Kanuni 748 inasema hakuna anayeruhusiwa kumshurutisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Kivitendo Dominika iwe na sehemu zinazojulikana: Misa kikanisani, ibada ya Waprotestanti kwenye chumba kikubwa cha darasa chini ya mwalimu wa madhehebu hayo, na Waislamu maktaba au darasani chini ya mwalimu. Ijumaa mchana wa Kiislamu wapewe muda na mahali pa kuswali. Hakuna anayebaki bwenini isipokuwa mgonjwa aliyeandikwa na matroni. Hapo soksi hazifuliwi.

Adhabu: kanuni za serikali za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Kukosa rozari hakumo. Hata kufyeka nyasi kwa sababu ya rozari mimi nisingekupendekeza. Mtoto anajifunza kuwa Bikira Maria ni ndugu yake fyekeo.

Jambo ambalo hamjalitaja ni jikoni. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni Februari 10, Pasaka Machi 28, na Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki hiyohiyo ya Majivu, mwezi ukiandama. Mkijipanga Februari 9 mmechelewa. Mfanye hivi:

Ijumaa za Kwaresima hakuna nyama kwenye sufuria kubwa: maharage, dagaa, samaki, mboga. Kujinyima nyama kunambana aliyetimiza miaka 14. Kufunga kunambana aliyetimiza 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60. Kwa hiyo wengi wa kidato cha kwanza hawabanwi na lolote kati ya hayo, na kufuta uji wa shule nzima Jumatano ya Majivu "ili tufunge pamoja" ni kosa. Kuna mwenye vidonda vya tumbo, kuna anayemeza dawa, kuna asiye Mkatoliki kabisa.

Waislamu: orodha ya wanaofunga impate mpishi jioni ya kabla. Daku saa 10:15 alfajiri. Sehemu yao ya mchana isipikwe mchana, iende kwenye futari. Panapoharibika ni hapa: mpishi anapika mchana ya watu 420 kama kawaida, ile ya ziada inaliwa na wajanja, na jioni wenye saumu wanakuta ukoko. Mweke Mkatoliki mmoja na Mwislamu mmoja wa kidato cha tano wagawe futari pamoja, bakuli zenye vifuniko zikihesabiwa.

MleziMgeni

Hili la jikoni sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Swali la kitubio: mkuu wa shule ni padre, anaishi hapahapa, na anajitolea kuungamisha kila Jumamosi jioni. Si ndiyo rahisi?

Katekista wa Zamani

Rahisi ndiyo, ila kanuni 985 inamzuia. Mlezi wa wanovisi (wanaoanza utawa), rekta, yaani mkuu, wa seminari au mkuu wa taasisi nyingine ya elimu asiungamishe wanafunzi wake wanaokaa nyumba moja naye, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe akiomba kwa hiari kwa hali yake mahususi. Sababu unaiona: Jumatatu mtu yuleyule ndiye mwenyekiti wa kikao cha nidhamu. Siri ya kitubio haivunjiki, lakini aliyeruka ukuta Ijumaa hatamwendea. Au atamwendea kwa hesabu zake, na hiyo ni mbaya zaidi.

Omba mapadre watatu kutoka dekania (kundi la parokia jirani), wiki ya nne ya Kwaresima, na tena wakati wa Majilio. Hesabu ni hii: dakika 4 kwa mtu, mapadre watatu, ni watu 45 kwa saa. Ukiwa na 180 unahitaji saa nne, na hakuna padre atakayekaa saa nne akamsikiliza wa mwisho kama alivyomsikiliza wa kwanza. Gawa alasiri mbili. Viti viwekwe nje, chini ya miti, mbali kiasi cha sauti kutosikika lakini mbele ya macho ya watu wote. Foleni isimame hatua 15 nyuma. Mwalimu asiisimamie, na asithubutu mtu kuandika majina ya waliokwenda. Hakuna "kidato cha pili wote mkaungame".

Sauti ya Pili

Kwaya. Ikizidi watu 40 inakuwa kijiji chenye chifu. Chukua 30: soprano 10, alto 8, tena (tenor) 6, besi 6. Wavulana ambao sauti inavunjika usiwabane kwenye tena. Waimbe alto kwa raha yao au wapumzike muhula mmoja. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja, yaishe nusu saa kabla ya prepo. Mwalimu wa taaluma akipata sababu moja tu ya kusema kwaya inashusha ufaulu, ataifuta.

Sasa, kuhusu kimya chako cha nyuma: nusu ya kosa ni kwaya. Kila Dominika "Mtakatifu" mpya, kila mwezi "Mwanakondoo" mpya. Mtu ataitikiaje wimbo asioujua? Chagua misa moja, yaani Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo, kaeni nayo muhula mzima. Dakika kumi kabla ya Misa mwanzishaji asimame mbele awafundishe watu kiitikio cha zaburi, mara tatu, bila kinanda. Zaburi isibadilishwe na wimbo wa kwaya, hata kama soprano wameulilia.

Kwaresima: Aleluya hakuna, Utukufu hakuna isipokuwa kwenye sherehe na sikukuu zinazoangukia humo na Alhamisi Kuu jioni. Kinanda na ngoma visindikize sauti tu, msipige vipande vya ala peke yake. Na ule wimbo wa kupeana amani: barua ya Vatikano ya mwaka 2014 ilisema usiwepo, na watu wasizunguke kanisa zima wakishikana mikono.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, mwanzishaji aendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo lifanyieni mazoezi kweli: zima kinanda ghafla Jumatano, uone nani anaanguka.

Mzee wa Paredi

Wimbo wa amani kwetu ndipo Misa inapochangamka bana.

Sauti ya Pili

Changamkieni matoleo, Mzee. Pale muda upo.

Ndoo na Sabuni

Nichukue jumuiya na huduma, maana watu huzitenganisha halafu zote mbili zinakufa.

Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliweka mkazo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo miaka ya 1970, na shuleni zinakubali vizuri zikifuata bweni, si darasa. Watu 12 hadi 15, vidato vimechanganyika, siku moja kwa wiki, dakika 40. Tumieni hatua saba za Lumko, taasisi ya kichungaji ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili ya Dominika ijayo, kila mtu kutamka neno au kifungu kilichomgusa, kimya, kushirikishana, kuangalia kazi ya kufanya, sala. Hatua ya tatu ni kutamka tu, hakuna kueleza. Kaka wa kidato cha sita akianza kuhubiri hapo, mwongozaji amkatize kwa upole, la sivyo wa kidato cha kwanza hawatafungua mdomo mwaka mzima. Kimya kiwe dakika tatu za saa ya ukutani. Na hatua ya sita ndiyo inayorukwa kila mahali kwa kuwa kengele imelia.

Hatua hiyo ya sita ndipo TYCS inapoingia na "Ona, Amua, Tenda", njia aliyoianzisha padre Cardijn wa Ubelgiji kwa vijana wafanyakazi na Papa Yohane XXIII akaitaja kwenye waraka wake wa mwaka 1961. Msianze na njaa ya dunia. Anzeni na bomba. Saa 11:00 jioni bomba mbili, wasichana 200, wa kidato cha nne wanatanguliza ndoo, wa kidato cha kwanza anaoga saa 1:00 usiku au haogi. Ona: watu wawili wahesabu kwa siku tatu, ndoo ngapi za kila kidato zinajaa kabla ya saa 12:00, kwa namba. Amua: Injili ya wiki inasema nini kuhusu wa mwisho, na utaratibu upi ni wa haki. Tenda: bomba moja ni ya kidato cha kwanza peke yao saa 11:00 hadi 11:30, dada wawili wa kidato cha tano wanasimama pale kwa zamu. Baada ya wiki mbili hesabuni tena. Bila hesabu ya pili, mmefanya kikao tu.

Huduma ya nje. Picha ya kawaida ni wanafunzi 120 kwenye lori, mara moja kwa muhula, kituo cha wazee, nyimbo nne, picha, mchele, kurudi. Wazee wanabaki wamechoka na wapishi wa kituo wana vyombo vya kuosha. Geuza: wanafunzi 16, walezi wawili, kila Jumamosi ya pili, haohao muhula mzima ili mzee ajue jina la kijana wake. Zingatieni:

Mpigie mkuu wa kituo wiki moja kabla uulize kinachokosekana wiki hii. Mara nyingi ni sabuni ya mche, mafuta ya kupaka, kandambili, kuni. Mchele wa kilo 50 kwenye kituo chenye kuni za siku mbili ni mzigo. Vitu vikabidhiwe stoo kwa orodha ya nakala mbili, saini pande zote. Kumpanga mzee mbele ya kamera ashike kipande cha sabuni, hapana.

Kufua muanze saa 3:00 asubuhi. Mkifua saa 9:00 alasiri mzee atalalia shuka bichi. Ulizeni kwanza kama ana shuka la pili. Kukata kucha ni kazi nzuri na inaleta mazungumzo, lakini miguu ya mwenye kisukari isiguswe mpaka muuguzi wa kituo aruhusu. Kidonda kidogo pale hakiponi upesi. Mwenye mafua au kikohozi abaki shuleni, hata kama ndiye mwenyekiti. Wawili wakae tu na kuongea, hiyo nayo ni kazi, na wapangiwe wasioipenda kelele. Wasio Wakatoliki wakiomba kwenda wachukue. Mathayo 25 haiulizi kadi.

Mkirudi, kabla ya kuoga, dakika 20 chini ya mti: umeona nini, nani hakuwa na nini, tufanye nini safari ijayo. Katibu aandike. Hiyo karatasi ndiyo orodha yenu ya simu ya wiki ya pili.

MleziMgeni

Asanteni sana. Moja tu limebaki: fedha na vipaji, yaani vitu vinavyotolewa kwenye Misa. Hapa madarasa hushindana kutoa, na kuna kuku.

Sakristia Nyuma

Mashindano yafe. Msitangaze darasa lililotoa nyingi, wala msigawe bahasha zenye majina kwa watoto wanaotumiwa elfu tano kwa muhula. Sadaka ihesabiwe palepale sakristia na watu watatu, mhazina wa TYCS, mwanafunzi mwingine na mwalimu, iandikwe, isainiwe, iingie kwa mhasibu siku hiyohiyo. Fedha isilale kwenye sanduku la mwanafunzi hata usiku mmoja. Fungu la huduma liwe na ukurasa wake, libandikwe ubaoni mwisho wa mwezi.

Vipaji viwe zamu, darasa moja kila Dominika, na viwe vya matumizi: sabuni, chumvi, mboga za bustani ya shule. Vyote viwekwe meza ya pembeni. Juu ya altare vinakwenda mkate na divai. Kuku afungwe miguu kwa kitambaa, si nailoni, apokelewe na kupelekwa nje mara moja. Ukimwacha chini ya meza atawika kwenye mageuzo ya mkate na divai, na hilo daftari la nidhamu halina safu yake.

MleziMgeni

Nimeshamwona mpishi mkuu. Uji saa 12:15 amekubali, kwa sharti kuni ziwe zimepasuliwa na kuwekwa jikoni Jumamosi kabla ya saa 10:00 jioni, na zisiwe za mkorosho mbichi. Jumuiya ya bweni la kwanza inaanza zamu.